Kufuatilia MRSA hospitalini mwaka hadi mwaka: mwongozo kamili kwa maabara na wodi

Hospitali nyingi zinazopima usugu wa dawa zina namba moja inayosomwa kwenye kila kikao: asilimia ya stafu sugu (MRSA), yaani bakteria ambao dawa za kawaida haziwaui. Mwaka jana ilikuwa 35, mwaka huu ni 28, basi tumepiga hatua. Namba hiyo ikiwa peke yake haitoshi kusema hivyo. Inaweza kushuka huku wagonjwa wanaoambukizwa wakiongezeka, na inaweza kupanda katika mwaka ambao wodi zimekuwa salama kuliko wakati wowote. Mara nyingi kilichobadilika ni jinsi tunavyochukua sampuli, na vimelea viko vilevile. Mwongozo huu ni wa kujenga ufuatiliaji utakaokuwezesha kutofautisha mambo hayo mawili, hata kama maabara yako ina inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria) moja na kompyuta moja.

Tunayemfuatilia ni bakteria aitwaye stafilokokasi aureus, nitakayemwita stafu. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anaye puani na wala haumwi. Akipenya kwenye kidonda cha upasuaji, kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) au damu, anaua. Methisilini ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 Uingereza ilikuwa imesharipoti stafu walioishinda. Dawa yenyewe haitumiki tena, ila jina limebaki: stafu sugu kwa methisilini, MRSA. Kwa mgonjwa aliyelala mbele yako maana yake ni kwamba kloksasilini, sefaleksini na seftriaksoni hazitamsaidia. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yanahesabu vifo zaidi ya 100,000 duniani vilivyosababishwa na usugu wa kimelea hiki kimoja.

Kuhesabu kwa miaka mingi kunalipa. Denmark ilianza kukusanya stafu wa kwenye damu kutoka hospitali zake mwaka 1957. Kati ya 1967 na 1971 usugu ulifika kiasi cha asilimia 15, na mwaka 1984 ulikuwa asilimia 0.2. England iliamuru hospitali zote za umma ziripoti MRSA ya damu kuanzia Aprili 2001. Mwaka wa 2003/04 walihesabu wagonjwa wapatao 7,700, serikali ikaweka lengo la kupunguza nusu, na kufikia 2012/13 walikuwa chini ya 1,000. Usafi wa mikono, utunzaji wa kanula na uangalifu katika dawa ndivyo vilivyofanya kazi, lakini bila hesabu isiyobadilika hakuna ambaye angejua kipi kinasaidia na wapi bado kunavuja.

Hatua ya 1: Anza na damu, na uandike fasili kwenye ukurasa mmoja

Stafu akiota kwenye damu ni nadra awe uchafu wa ngozi. Wale ndugu zake wasiogandisha plazima (maji ya damu) ndio wanaoingia kwenye chupa kutokana na ngozi isiyosafishwa vizuri. Kwa hiyo kila damu yenye stafu aureus ni tukio la kweli, na ndiyo sababu kiashiria cha 3.d.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinahesabu MRSA ya damu. Kama hospitali yako inaotesha damu chache mno, ongeza usaha wa vidonda vya upasuaji, ila uuwekee mstari wake. Ukijumlisha damu na vidonda kwenye namba moja, baada ya miaka miwili hutajua unaangalia nini.

Swabu za puani za kutafuta wabebaji zisiingie kabisa kwenye hesabu ya wagonjwa. Ukiamua Machi kupima pua za wote wanaoingia chumba cha wagonjwa mahututi, MRSA "itaongezeka" mwezi huohuo bila mtu yeyote kuugua.

Kisha andika fasili. Maambukizi ya hospitalini ni yapi? Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu, GLASS, ulioanza 2015, unahesabu sampuli iliyochukuliwa baada ya mgonjwa kukaa zaidi ya siku 2 za kalenda tangu alazwe. Marekani inahesabu kuanzia siku ya 4. Tofauti hiyo tu inatosha kufanya hospitali mbili zilizo sawa zionekane hazifanani, kwa hiyo chagua moja na uishikilie. Napendekeza ya GLASS, kwa kuwa ndiyo takwimu za nchi zinazopelekwa huko zinavyopangwa. Usisahau wagonjwa wa rufaa: aliyelala siku 5 hospitali ya wilaya akaletwa kwako jana hakuambukizwa mtaani, wala hakuambukizwa kwako. Wape kundi lao la tatu.

Mwisho, tukio jipya ni lipi? Damu mbili za mgonjwa mmoja zikiota MRSA ndani ya siku 14 ni tukio moja. Baada ya hapo ni jipya. Weka tarehe na saini chini ya ukurasa huo, ubandike maabara.

Hatua ya 2: Hakikisha unachokiita MRSA ni MRSA

Kazi inaanzia kitandani. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kutoka mikono miwili tofauti, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, baada ya kusafisha ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiacha ikauke. Kule kukauka ndiko kunakorukwa zaidi. Kwa kidonda, usaha uliofyonzwa kwa sindano una thamani kuliko swabu iliyopitishwa juu juu.

Maabara, thibitisha kwanza kwamba ni stafu aureus kwa kipimo cha kugandisha plazima kwenye mrija. Soma baada ya saa 4, na kama haijaganda soma tena baada ya saa 24. Tumia plazima ya sungura ya kutengenezwa kiwandani. Plazima ya binadamu iliyobaki benki ya damu inatofautiana kati ya mfuko na mfuko.

Kwa usugu tumia diski (kipande kidogo cha karatasi chenye dawa) ya sefoksitini ya mikrogramu 30 kwenye agari ya Mueller-Hinton, ambayo ni chakula cha kuoteshea bakteria, na ukungu wa bakteria wenye ukali wa 0.5 kwa kipimo cha McFarland. Diski ya oksasilini haiaminiki kwa kazi hii, hata kama bado ipo kwenye friji. Duara lisiloota bakteria kuzunguka diski likiwa milimita 22 au zaidi, dawa inafanya kazi. Likiwa 21 au chini, ni MRSA.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo takwimu nyingi zinapoharibikia. Inkubeta nyingi zimewekwa nyuzi 37, kwa kuwa ndiyo joto la kuotesha karibu kila kitu kingine. Usugu wa methisilini hujificha joto likizidi 35. Bakteria sugu anaweza kukupa duara la milimita 23 kwenye inkubeta ya 37, ukamwandikia daktari kwamba kloksasilini inafaa. Weka 35, weka kipimajoto ndani, na uandike joto kila asubuhi na kila mchana. Kwenye maabara za pwani, ambako chumba chenyewe kinaweza kufika nyuzi 33 umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, andika pia saa umeme ulipokatika na uliporudi. Sahani zilizokaa usiku mzima bila inkubeta kufanya kazi zirudiwe. Diski nazo zina maisha yake: toa kopo kwenye friji, liache lifike joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo umande unaingia na nguvu ya dawa inapungua.

Kila wiki, na kila unapofungua shehena mpya ya diski, pima stafu wa kulinganishia aitwaye ATCC 25923. Duara lake kwa sefoksitini linapaswa kuwa kati ya milimita 23 na 29. Likitoka nje ya hapo usitoe majibu ya wagonjwa hadi ujue kwa nini. Na usiitumie diski ya vankomisini kwa stafu: haiaminiki kutenganisha walio sugu na wasio sugu. Vankomisini inahitaji kipimo cha kiwango cha chini cha dawa kinachozuia uotaji. Usugu kamili wa vankomisini kwa stafu, ulioonekana mara ya kwanza Michigan mwaka 2002, ni nadra mno. Ukiupata, rudia, kisha peleka kimelea maabara ya rufaa kabla ya kukitangaza.

Jambo moja zaidi la hatua hii: andika milimita, usiandike "sugu" au "si sugu" peke yake. Viwango vya kusomea hubadilishwa na kamati za kimataifa. Mwenye milimita atasoma upya takwimu zake za miaka 5 kwa kiwango kipya kwa mchana mmoja. Aliyeandika maneno hayo tu, mstari wake wa zamani unakatikia hapo.

Hatua ya 3: Daftari linalojua mtu ni yupi

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lina maadui wawili: mtu mmoja kuhesabiwa mara tatu, na watu wawili kuhesabiwa kama mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi uko wodi ya watoto wachanga. Mtoto anaandikwa "Mtoto wa Neema". Siku ya 6 damu yake inaota MRSA. Siku ya 9 familia imeshampa jina, na sampuli ya pili inakuja kwa jina jipya na namba mpya ya faili, kwa kuwa la kwanza halikuonekana. Kwenye rejista ni wagonjwa wawili. Upande wa pili kuna pacha wa kwanza na pacha wa pili wa mama mmoja, walioandikwa kwa jina moja, ambao mfumo unawafanya mtu mmoja. Suluhisho ni namba moja ya hospitali inayotolewa siku ya kuzaliwa au kulazwa, inayofungwa mkononi na kuandikwa kwenye kila fomu. Mahali ambapo namba haiaminiki, linganisha jina, jinsia, umri, jina la mama na wodi kwa macho, kila mwisho wa mwezi.

Kila mstari wa rejista uwe na angalau haya:

- namba ya hospitali, umri, jinsia
- tarehe ya kulazwa, na kama ametoka hospitali nyingine
- tarehe ya sampuli (siyo tarehe ya kufika maabara), aina ya sampuli, wodi
- kimelea, milimita za sefoksitini na za dawa nyingine zote
- alikuwa ameanza antibiotiki au la

Tarehe ya kulazwa ndiyo inayokosekana zaidi, na bila hiyo fasili uliyoandika hatua ya 1 haina kazi. Zungumza na wauguzi wa zamu. Wakijua namba hiyo inawarudia kama taarifa ya wodi yao, wataijaza.

Kwa programu, tumia WHONET. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, imekuwepo tangu 1989, na inaondoa marudio yenyewe ukiielekeza. Jedwali la Excel linatosha kwa kuanzia iwapo mtu mmoja tu ndiye anayeliandika. Majina ya wagonjwa yabaki maabara. Faili linalotumwa nje liwe na namba tu.

Kuna kanuni mbili za kuondoa marudio, na kila moja ina matumizi yake. Kwa asilimia ya usugu, chukua kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa kwa kila aina ya sampuli kwa mwaka. Kwa kuhesabu matukio, tumia ile ya siku 14. Ukichanganya, wagonjwa wa muda mrefu, ambao ndio wenye MRSA zaidi, watavuta asilimia juu.

Hatua ya 4: Gawa kwa kitu sahihi

Matukio 5 mwezi wa Mei na 8 mwezi wa Agosti hayasemi kitu mpaka ujue wodi zilikuwa na watu wangapi. Unahitaji siku za kulazwa: jumla ya wagonjwa waliokuwa kitandani kila usiku, kwa mwezi mzima. Takwimu hiyo muuguzi wa usiku anaiandika tayari, na nchini Tanzania inaingia kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Matukio 5 katika siku 6,200 za kulazwa ni 0.81 kwa kila siku 1,000.

Kisha kuna kigawanyo ambacho karibu hakuna anayekiweka kwenye chati, nami ningekiweka kabla ya vingine vyote: idadi ya sampuli zilizochukuliwa. Tuseme wodi ya upasuaji inapeleka usaha wa vidonda vilivyoshindikana tu. Mwaka wa kwanza sampuli ni 40, stafu wameota kwenye 20, na 10 kati yao ni MRSA. Asilimia 50. Mwaka wa pili daktari mpya anaagiza kila kidonda chenye usaha kipimwe. Sampuli 160, stafu 64, MRSA 16. Asilimia 25. Kwenye kikao hayo yatasomwa kama ushindi, usugu umepungua nusu. Ukitazama vizuri, wagonjwa wenye MRSA wametoka 10 hadi 16, na hata hilo huwezi kuliita ongezeko, kwa kuwa mwaka wa kwanza vidonda vingi havikupimwa. Jibu la kweli ni kwamba mwaka wa pili ndio wa kwanza unaoweza kulinganishwa na miaka ijayo. Andika hivyo kwenye ripoti, chora mstari wa wima kwenye chati, na uanze upya kutoka hapo. Fanya vilevile chupa za damu zinapokosekana bohari kwa miezi miwili, mgomo unapopunguza wagonjwa, au maabara inapobadilisha aina ya diski.

Asilimia nayo iambatane na ukingo wake. MRSA 12 kati ya stafu 40 ni asilimia 30, lakini kwa idadi ndogo hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya 18 na 45. Chini ya vimelea 30 usitoe asilimia kabisa. Unganisha miaka miwili, au toa hesabu ghafi.

Hatua ya 5: Chora kila mwezi

Kusanya miezi 12 kabla ya kutoa hukumu yoyote. 24 ni bora. Tumia chati ya udhibiti aliyoibuni Walter Shewhart nchini Marekani mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda. Chora kiwango cha kila mwezi, weka mstari wa wastani, kisha kikomo cha juu. Kikomo unakipata hivi: gawa wastani kwa maelfu ya siku za kulazwa za mwezi huo, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3, jumlisha na wastani. Wastani ukiwa 0.8 na mwezi una siku 6,000, unagawa 0.8 kwa 6, kipeuo chake ni kama 0.365, mara 3 ni 1.1, na kikomo ni 1.9. Kwa mwezi huo, matukio 12 ni ishara. Matukio 8, hata kama mkurugenzi ameshtuka, yamo ndani ya kupanda na kushuka kwa kawaida. Nukta 8 mfululizo upande mmoja wa wastani ni ishara pia, na hii ndiyo hukamata mabadiliko ya polepole, mazuri kwa mabaya.

Kwa wodi yenye tukio moja kila miezi miwili chati hiyo haisaidii. Hesabu siku kati ya tukio na tukio. Zikikaa 70, 55, 81, kisha zikawa 9 na 4, huhitaji kusubiri mwisho wa mwezi kuamka.

Hatua ya 6: Ishara ikitokea

Kabla ya kuita mkutano, rudi maabara: joto la inkubeta, shehena ya diski, idadi ya sampuli. Vikiwa sawa, panga wagonjwa kwa tarehe, kitanda, chumba cha upasuaji na waliowahudumia, kisha linganisha milimita za dawa zote. Vimelea vinavyofanana kwenye sefoksitini, erithromisini, klindamaisini, jentamaisini na siprofloksasini vinaweza kuwa ukoo mmoja unaosambaa. Hilo ni dokezo, siyo ushahidi, hasa kwa kuwa koo chache kama ST88 zimeenea sana Afrika kusini mwa Sahara na zitafanana hata bila kuambukizana wodini. Hifadhi kila MRSA ya damu kwenye mchuzi wenye gliserini katika friji ya nyuzi hasi 70 au chini, ili maabara yenye uwezo wa kusoma jenomu (taarifa zote za urithi za kimelea) iweze kuamua.

Wodi ya watoto wachanga ya Rosie Hospital, Cambridge, Uingereza, inafundisha jambo hapa. Mwaka 2011 timu ilikuwa na watoto kadhaa wenye MRSA na haikuwa na uhakika kama wanahusiana. Wodi ikasafishwa kwa kina, na siku 64 zikapita tangu mgonjwa wa mwisho hadi alipopatikana mwingine. Usomaji wa jenomu ulionyesha ni ukoo uleule, ukiwa umefika watu 26, wakiwemo wa nje ya hospitali, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa akiubeba bila kujua. Alitibiwa. Kwa hiyo usifunge mlipuko kwa sababu wiki 3 zimekuwa kimya, na mkipima wafanyakazi, afanye hivyo mtu wanayemwamini, kwa siri, pamoja na ahadi ya matibabu na mshahara usioguswa. Mahali ambapo mbebaji anaadhibiwa, hakuna pua itakayopimwa tena.

Hatua ya 7: Rudisha majibu wodini, kisha kabidhi

Wodi ipate ukurasa mmoja kila mwezi: chati yao, idadi ya sampuli walizopeleka, sentensi mbili. Duka la dawa na madaktari wapate jedwali la mwaka la dawa zinazofanya kazi. Wizara ipate faili la WHONET. Tanzania na Kenya zote zilitunga mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa wa 2017–2022, na mipango ya aina hiyo inategemea faili hizi.

Ufuatiliaji mwingi hufa siku mtaalamu anapohamishwa kituo. Muwe wawili tangu mwanzo, mmoja wa maabara na mmoja wa udhibiti wa maambukizi. Anayekuja asome sahani pamoja na anayeondoka, kila mmoja akiandika milimita zake bila kuona za mwenzake, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi milimita 2, rudieni hadi msomaji mpya na wa zamani wakubaliane. Mabadiliko yoyote ya fasili yaandikwe chini ya ukurasa ule wa hatua ya 1, kwa tarehe, bila kufuta ya zamani, na nakala ya rejista itolewe kila Ijumaa kwenye diski ya nje ya kompyuta inayofungiwa kabati la ofisi nyingine.